Vikosi vya ngoma vya Marekani vinamchezea nani?

Mwezi Agosti mwaka 2025, katika uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis, kikosi kiitwacho Boston Crusaders kilitawazwa bingwa wa mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta ya Marekani. Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1940, na tangu taji hilo lianze kushindaniwa mwaka 1972 hakikuwa kimelitia mkononi hata mara moja. Ushindi huo basi ulikuwa wa kihistoria. Lakini kilichonivutia mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, ni jina la onyesho lililouleta ushindi wenyewe: BOOM. Katika sarufi yetu neno kama hilo tungeliita tanakali ya sauti. Halihitaji kamusi. Hata asiyejua Kiingereza atahisi kwamba kitu kizito kimelipuka.

Katika msimu huo huo kikosi kingine mashuhuri, Bluecoats kutoka Canton, Ohio, kilizunguka nchi na onyesho lililopewa jina la dhana ya fizikia isemayo kwamba kitendo cha kukitazama kitu hukibadilisha kitu chenyewe. Dhana tamu hiyo, sikatai. Ila mzazi aliyewaleta watoto wake uwanjani jioni ya Jumamosi, bisi mkononi, ataipatia wapi nafasi ya kuitafakari ilhali makumi ya matarumbeta yanamvumia usoni?

Swali hili limewasumbua wapenzi wa sanaa hii kwa muda mrefu: je, maonyesho ya mashindano yawezaje kumpendeza na kumwelea mtu wa kawaida, yule ambaye hakupata kupiga ngoma kikosini wala hana mwana anayecheza? Majibu mengi yanayotolewa ni ya kibiashara. Wengine husema nyimbo zinazovuma zipigwe, wengine kwamba tiketi zipunguzwe bei, wengine tena kwamba taa na moshi viongezwe. Mimi naona kwamba kiini cha tatizo ni cha kilugha, na kwamba kisipotazamwa hivyo dawa zote hizo zitapakwa mahali pasipouma.

Kwanza nimweleze msomaji jambo lenyewe, maana hapa kwetu tunajua bendi za polisi na za jeshi zinazopita mbele ya jukwaa la wageni siku ya Jamhuri, na mtu aweza kudhani ni yale yale. La hasha! Kikosi cha Marekani kina vijana zaidi ya 150 ambao umri wao haupiti miaka 22. Baadhi hupuliza ala za shaba, baadhi hupiga ngoma za kila ukubwa, na wengine hupeperusha bendera, kurusha bunduki za mbao hewani na kucheza dansi. Wote hutembea, hukimbia na hupishana katika uwanja wa kandanda ya Kimarekani, wakichora maumbo ambayo huundika na kuvunjika bila kikomo kwa muda wa dakika kumi na moja au kumi na mbili. Onyesho ni moja tu kwa msimu mzima. Tangu mwishoni mwa Juni hadi wiki ya pili ya Agosti vijana hao husafiri kwa mabasi, hulala juu ya sakafu za shule, hufanya mazoezi juani toka asubuhi, na kwa fursa hiyo ya kuteseka hulipa maelfu ya dola. Wanavyotimiza hayo yote ni ajabu. Nimeona kanda nyingi za maonyesho hayo na sijapata kuona nidhamu ya vijana inayoikaribia.

Hata hivyo mtu anayeona kwa mara ya kwanza aghalabu hutoka na kauli moja: wanajua sana, lakini sikuelewa walichokuwa wakifanya.

Mwaka 1984 mwanaisimu wa New Zealand, Allan Bell, alichapisha makala ambayo wanafunzi wangu huisoma kila mwaka. Alikuwa amewachunguza watangazaji wa habari wa redio mjini Wellington. Watangazaji wale wale waliokuwa wakisoma habari katika idhaa mbili walibadilisha matamshi yao kulingana na idhaa: walitamka kwa urasmi zaidi walipoisomea idhaa ya taifa, wakalegeza ulimi walipoisomea idhaa iliyopendwa na watu wa kawaida. Msomaji ni yule yule na habari ni za aina ile ile, ila anayedhaniwa kusikiliza si yeye. Kutokana na hayo Bell akapanga wasikilizaji kwa madaraja. Yupo msemeshwa, yaani yule hasa anayeambiwa. Yupo aliyemo kikaoni ambaye uwepo wake unakubaliwa. Yupo anayepita karibu akasikia. Na mwisho yupo mdukizi, ambaye msemaji hajui hata kama yupo. Kadiri mtu anavyoshuka katika ngazi hiyo ndivyo msemaji anavyopunguza kuirekebisha lugha yake kwa ajili yake.

Sasa hebu tuulize: katika uwanja wa Indianapolis, msemeshwa ni nani?

Ni mwamuzi. Alama zote ni 100. Thelathini ni za muziki, thelathini za yale yanayoonekana, na arubaini za kile kinachoitwa athari kwa jumla. Jina hilo la mwisho lingemfanya mtu adhani kwamba hapo ndipo umma unapohesabiwa, kwa kuwa athari ni ile inayompata mtazamaji. Lakini athari hiyo nayo hupimwa na waamuzi waliofunzwa, walioketi juu kabisa mahali pa waandishi wa habari, na kwa hivyo maumbo ya gwaride hubuniwa yasomeke kutoka juu huko. Aliyekaa safu za chini, karibu na uwanja, huona msitu wa miguu. Fauka ya hayo, kila mwamuzi huwa na kinasa sauti, na muda wote wa onyesho huzungumza: hapa mmenigusa, hapa ngoma zimechelewa, umbo hili limezaliwa vizuri kutokana na lile. Maelezo hayo hupewa walimu wa kikosi. Usiku ule ule, au keshoye, walimu hubadilisha kifungu hiki na kile ili kumridhisha aliyenena. Hivyo ndivyo mazungumzo yanavyokwenda msimu mzima, wiki baada ya wiki, baina ya walimu na waamuzi. Maelfu ya watu waliolipa viingilio wamo katika daraja la tatu la Bell: wanapita karibu, wanasikia.

Haikuwa hivyo tangu awali. Vikosi hivi vilichipuka baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, chini ya vyama vya askari wastaafu, parokia na maskauti. Kikosi kilichokuja kujulikana kama The Cadets kilianza mwaka 1934 katika parokia ya Kikatoliki mjini Garfield, New Jersey. Madison Scouts kilianza mwaka 1938. Watazamaji walikuwa wazazi, majirani na waumini wa kanisa moja. Nyimbo zilikuwa za taifa, za vita na za filamu ambazo kila mtu alikuwa akizifuatisha kwa mluzi. Gwaride lilikuwa gwaride la kijeshi, na nusu ya wanaume waliokaa vitini walikuwa wamelifanya wenyewe jeshini. Hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu. Jamii ya wachezaji na jamii ya watazamaji ilikuwa jamiilugha moja.

Mwaka 1971 viongozi wa vikosi kadhaa, wakiwa wamechoshwa na sheria za wastaafu hao, waliunda chama chao wenyewe, Drum Corps International, na mwaka uliofuata mashindano ya kwanza yakafanyika Whitewater, Wisconsin. Utaratibu wa kuhukumu ulibaki kwa muda kuwa wa kuwinda makosa: waamuzi walitembea katikati ya wachezaji wakiwa na kalamu, na kila kosa lilipunguza sehemu moja ya kumi ya alama. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1983. Tangu 1984 alama zikawa zinajengwa badala ya kubomolewa, na anayejaribu magumu akawa hapati hasara kwa kujaribu. Natija yake ilikuwa kufunguka kwa ubunifu. Garfield Cadets walishinda mara tatu mfululizo, 1983, 1984 na 1985, kwa gwaride ambalo mistari yake ilipinda na kuyeyuka kama maji. Asiyekiri uzuri wa kazi ile ana husuda.

Lakini uhuru ule ulikuja na kishawishi. Ikiwa alama hutolewa kwa utajiri wa yaliyomo, basi kila sekunde isiyosheheni kitu ni sekunde iliyopotea. Wimbo ukirudiwa unakula nafasi ya wimbo mwingine. Basi wimbo hukatwakatwa: vipimo vinne vya huku, vitatu vya kule, mdundo umebadilika, bendera za rangi nyingine zimeingia, na kabla sikio halijatulia jambo jingine limekwisha anza.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini. Chukua sentensi ya Kiswahili: vitabu vyangu vyote vizuri vimeanguka. Dalili ya ngeli imejitokeza mara tano. Mgeni anayejifunza lugha yetu hulalamika: mara moja haitoshi? Haitoshi. Mtu anayeongea nawe steji ya matatu, honi zikilia na manamba wakipiga kelele, huenda ukakosa silabi mbili tatu za maneno yake, lakini kwa kuwa dalili zimerudiwa utajua bado anasema juu ya vitabu. Wataalamu wa mawasiliano hukiita kitu hiki uziada, na hakuna lugha ya binadamu isiyokuwa nacho. Lugha isiyo na uziada wowote ingewezekana kuandikwa kwenye karatasi, na mwanahisabati angeisifu kwa kutopoteza nafasi, lakini hakuna mama angeweza kumlea mtoto kwayo.

Maonyesho mengi ya vikosi vya ngoma yamejitahidi kuufuta uziada huo. Mwamuzi hauhitaji sana, kwani ameliona onyesho lile mara kadhaa na anajua aangalie wapi. Mpenzi sugu naye hauhitaji: ana kanda, amezirudia nyumbani mpaka amezihifadhi. Anayeuhitaji ni yule anayekuja mara moja, na mara hiyo moja ndiyo kipimo chake cha iwapo atarudi.

Hapana kisa kinachoonyesha jambo hili kuliko kile cha Star of Indiana. Kikosi hicho kiliasisiwa mwaka 1984 kwa fedha za Bill Cook, tajiri wa vifaa vya matibabu wa mji wa Bloomington, na kikaingia uwanjani mwaka 1985. Miaka sita tu baadaye, 1991, kilikuwa bingwa. Kisha mwaka 1993 kikaleta onyesho juu ya Medea, yule mwanamke wa visasili vya Wayunani aliyewaua wanawe ili kulipiza kisasi kwa mume aliyemsaliti. Muziki ulikuwa wa Samuel Barber na Béla Bartók, mkavu, wenye kukwaruza. Hapakuwa na rangi za kuvutia wala wimbo wa kuondoka nao nyumbani. Miili ya vijana ilijipinda kama chuma kilichotiwa motoni. Waamuzi walivutiwa mno. Watazamaji waligawanyika, na wapo waliozomea vijana hao, ingawa ni haki kusema kwamba wengine walikuwa na kinyongo cha siku nyingi juu ya fedha za mdhamini. Katika fainali mjini Jackson, Mississippi, The Cadets walipata 97.4 na Star of Indiana 97.3.

Baada ya hapo Star of Indiana waliyaacha mashindano moja kwa moja, wakageukia jukwaa. Kazi yao ilikomaa ikawa Blast!, onyesho la ukumbini lililofunguliwa London mwezi Desemba 1999, likavuka hadi Broadway mwaka 2001 na huko likatuzwa Tony. Watu ambao hawakujua hata kwamba kuna mashindano ya vikosi vya ngoma duniani walilipa bei ya Broadway na kusimama kushangilia. Na ndani ya onyesho hilo hilo, msomaji wangu, muziki wa Medea ulikuwemo.

Nini kilibadilika? Si ugumu wa muziki, wala ustadi haukupunguzwa hata chembe. Kwanza, mwamuzi aliondoka, na akiondoka msemeshwa anakuwa aliye kitini. Pili, onyesho liligawanywa katika vipande vyenye mwanzo na mwisho, vikapangwa kwa rangi, hivi kwamba mtazamaji alijua wakati wote yuko wapi: sasa tumo katika buluu, sasa tumeingia katika kijani. Lakini tazama hasa walivyofungua pazia. Walifungua kwa Bolero ya Ravel, ya mwaka 1928. Ngoma moja, mpigaji mmoja, mdundo mmoja ambao haukomi, na juu yake wimbo ule ule ukirudi na kurudi, kila mara na ala nyingine, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Sidhani kuna utunzi mashuhuri wa Magharibi wenye uziada kuliko huo. Kwa Bolero hadhira ilifundishwa sarufi ya onyesho: hii ni ngoma, hii ni shaba, hivi ndivyo zinavyosemezana. Medea alipokuja baadaye alikuta masikio yaliyokwisha andaliwa. Uwanjani mwaka 1993 Medea alikuja peke yake, bila mkalimani.

Najua nitajibiwa kwamba ukumbi si uwanja, na kwamba mashindano yakiondolewa sanaa yenyewe itakufa, maana ushindani ndio unaowafanya vijana waamke alfajiri. Nakubali. Ila ushindani haukatazi kueleweka. Mwaka 2008 Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walileta Spartacus, kisa cha mtumwa aliyeasi Dola ya Kirumi, kwa muziki wa Khachaturian. Mkandamizaji alionekana, mkandamizwa alionekana, na wachezaji walipopaza sauti mmoja baada ya mwingine kwamba wao ndio Spartacus, hakuna aliyehitaji kuelezwa kinachotukia. Walishinda kwa 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils. Bluecoats nao walipolipata taji lao la kwanza mwaka 2016, wazo lao lilikuwa ulimwengu uliopinduliwa juu chini, na wachezaji walionekana wakiteleza kwenye miinuko iliyowekwa uwanjani, vichwa vikitangulia. Mtoto wa miaka minne angeweza kulieleza. Mwamuzi na mama muuza bisi wanaweza kusemeshwa kwa pumzi moja. Ni kazi ngumu tu, na wabunifu wengi hawaifanyi kwa kuwa hakuna anayewadai.

Upande wa pili nao una hoja, na ni yenye nguvu kuliko wakereketwa wa nyimbo za zamani wanavyokiri. Mwaka 2012 Blue Devils wa Concord, California, walishinda kwa onyesho juu ya Cabaret Voltaire, kilabu cha Zurich ambako mwaka 1916 wasanii wa Dada, Hugo Ball akiwemo, walikariri mashairi ya sauti tupu zisizo na maana katika lugha yoyote. Wengi walilalamika kwamba hawakuelewa. Wakatetewa kwa hoja kwamba kutoeleweka ndiko kulikokuwa maudhui. Mimi nasema utetezi huo una nusu ya ukweli. Sanaa haina deni la kueleweka papo hapo. Medea yenyewe leo inahesabiwa na wapenzi wa vikosi kuwa miongoni mwa kazi kuu za historia yao, na bila shaka wamo humo waliozomea. Lugha hujifunzwa. Lakini Hugo Ball alikuwa akimtukana mtu aliyekuwa ameketi mbele yake, aliyejua lugha ya heshima iliyokuwa ikivunjwa, na aliyejua kwamba nje ya mlango ule Ulaya ilikuwa ikichinjana. Upuuzi wake ulikuwa na msemeshwa. Ukiuhamishia upuuzi huo Indianapolis bila kumpa mtazamaji fununu ya vita wala ya heshima inayovunjwa, anabaki na vijana wanaokimbia na viti.

Televisheni nayo ilijaribu kuziba pengo. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1970 idhaa ya umma, PBS, ilionyesha fainali, na tangu mwaka 2005 kituo cha michezo cha ESPN2 kilichukua zamu kwa muda mfupi. Hicho cha pili kilidhani kwamba mtu wa kawaida atapendezwa na simulizi za vijana: huyu anavyolala sakafuni, huyu anavyolia kwa kuwa ni msimu wake wa mwisho. Maonyesho yenyewe yakakatwa ili simulizi zipate nafasi. Ni sawa na kumtafsiria mtu riwaya kwa kumpa picha ya mwandishi. Mtazamaji aliwapenda vijana, akabaki hajui kwa nini umbo hili ni bora kuliko lile.

Huenda msomaji anauliza haya yote yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa sababu sanaa hii ni binamu ya sanaa ya kwetu. Bendi za kijeshi za Ulaya ndizo zilizozaa vikosi vya Marekani, na ndizo zilizozaa pia ngoma ya beni, iliyozuka mwambao wetu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kusambaa hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliitungia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Mombasa ilikuwa na makundi kama Kingi na Scotchi, Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Walivaa sare, walikuwa na vyeo vya kijeshi, walikwenda kwata, walipiga ngoma na tarumbeta, na walishindana kufa kupona. Lakini aghalabu mwamuzi hakuketi juu na karatasi. Mwamuzi alikuwa mji: vibaraza, visima, vyumba vya kusukia nywele, ambako asubuhi iliyofuata ilijulikana nani amemfunika nani. Nyimbo zao zilikuwa za kujibizana na zilijaa mafumbo, kiasi kwamba mgeni asingeambulia kitu. Wala hawakukusudia aambulie. Fumbo lile lilikuwa na mtaa wake, na mtaa ulilifumbua. Hilo ndilo linalotofautisha fumbo na ukungu.

Na hata pale tulipoleta waamuzi, katika mashindano yetu ya muziki ya shule na vyuo, tumeweka desturi moja ambayo Wamarekani hawana. Kabla ya kutangaza matokeo, mwamuzi husimama mbele ya ukumbi mzima na kusema: kwaya ya kwanza ilianza vyema lakini sauti ya tatu ilizama, ya pili ilitamka maneno ya Kiluhya kama ya Kiingereza, na kadhalika. Watoto hucheka, walimu hununa, mzazi aliyekuja kumwona mwanawe tu huondoka akiwa amejua kwamba kuna kitu kinaitwa sauti ya tatu. Maelezo hayo huwa marefu kupita kiasi na mara nyingine yamejaa majivuno. Hata hivyo ni darasa la bure, na darasa hilo ndilo linalokuza hadhira ya mwaka ujao.

Marekani darasa hilo lipo tayari, limenaswa, na limefungiwa ndani. Umma hupewa tarakimu: tisini na nane nukta moja mbili tano. Tarakimu hiyo haina kitenzi. Haisemi nani alifanya nini. Maneno yaliyoizaa yamekwenda katika basi la walimu.

Suala hili si la kupitisha wakati. Katika miaka ya 1970 vikosi vilikuwa mamia, karibu kila mji wa kaskazini mashariki na wa eneo la maziwa makuu ukiwa na chake. Leo ni makumi. Santa Clara Vanguard, mojawapo ya majina makubwa kabisa, hawakushiriki msimu wa 2023 kwa sababu ya fedha, ingawa walirejea mwaka uliofuata. The Cadets, wale wa parokia ya Garfield, walifunga milango mwaka 2024 baada ya kulemewa na gharama za kesi mahakamani. Sisemi kwamba haya yalisababishwa na watazamaji kutoelewa. Kila kikosi kina maradhi yake. Nasema kwamba sanaa inayojulikana na wachache ikiumwa haina wa kuiuguza, na gharama inahamia kwa mzazi wa kijana, mpaka abaki kijana wa tajiri peke yake.

Zipo sauti zinazopendekeza umma upewe kura. Sioni kheri ndani yake. Makofi hununulika kwa bei rahisi: pandisha matarumbeta hadi kileleni, wageuze wote waelekee vitini, piga kwa nguvu zote, na watu watasimama hata kama dakika kumi zilizotangulia zilikuwa takataka. Kura ya namna hiyo ingewapa wabunifu bwana mpya, wala isingemfundisha mtazamaji kitu. Afadhali apewe maneno. Apewe sentensi mbili tatu za kusikika uwanjani kabla kikosi hakijaanza, zisizo za kujigamba, zikimwambia asikilize wimbo gani utakaorudi na atazame kona ipi. Wimbo huo nao urudi kweli, mara tatu au nne, hata kama karatasi ya mwamuzi haina mstari wa kutuza subira. Karatasi zinaweza kuandikwa upya. Ziliandikwa upya mwaka 1984.

Na sauti za waamuzi zitolewe. Uwanja wa Lucas Oil ni makao ya timu ya kandanda ya Colts. Katika mchezo huo, tangu miaka ya 1970, refa akisimamisha mpira huwasha kipaza sauti kilicho mwilini mwake na kuutangazia uwanja mzima kosa gani limetendwa, na nani, na adhabu yake ni yadi ngapi. Umma wa Marekani, umeketi kwenye viti vile vile, umeshazoea kuelezwa kwa nini. Wakuu wa vikosi wakiona haya kuanza na fainali ya Jumamosi, wana mchujo wa Alhamisi, siku ambayo viti vitupu ni vingi na vikosi hupita uwanjani mchana kutwa. Mwamuzi mmoja angetosha kwa jaribio: muziki ukikoma, kabla kikosi kinachofuata hakijaingia, achague dakika moja ya yale aliyoyasema kwenye kinasa sauti chake, na uwanja uisikie.